Maji ya Moto Nyumbani Arusha: Hita ya Sola au ya Umeme?

Kwa gharama, hita ya umeme ni nafuu kuinunua, lakini kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 hula takriban uniti 4.7 za LUKU kila mara, ilhali ya sola, iliyo ghali mwanzoni, hailipii jua.

Kwa uhakika, mizani hugeuka. Juni na Julai, mawingu yanapotanda Arusha na baridi kuzidi, sola hudhoofika wakati inapohitajika zaidi; hata hivyo, umeme ukikatika, ni tangi la sola linaloendelea kupata joto.

Matunzo ndiyo yanayopuuzwa, na hilo linanisikitisha. Mirija ya sola hufutwa vumbi, hasa kiangazi. Tangi la umeme huhitaji fimbo ya magnesiamu, inayolika badala ya chuma, ikaguliwe na kubadilishwa kabla haijaisha, na valvu ya usalama isizibwe kamwe, kwani shinikizo likikosa njia tangi laweza kupasuka.

Mpangaji anayehamahama atafaa kuchukua ya umeme. Mwenye nyumba na familia kubwa, sola yenye kipasha-joto cha akiba cha umeme.