Kanivali ya Ivrea: lipa Jumapili ukitaka, lakini baki hadi Jumanne

Tuseme mapema: kwa mgeni wa mara ya kwanza, Jumapili ndiyo siku ngumu kuliko zote za Kanivali ya Kihistoria ya Ivrea, sherehe ya siku za kabla ya Kwaresima, na kwa desturi ndiyo siku ambayo asiye mkazi wa mji hulipia kiingilio. Jumatatu na Jumanne vita vya machungwa ni vilevile, timu ni zilezile, na mlango uko wazi. Wageni wengi huja Jumapili mchana, hupiga picha, hurudi Torino jioni, kisha husimulia kwamba Ivrea ni mahali pa watu kurushiana matunda. Hao wamekula maganda.

Ivrea ni mji wa watu wapatao 23,000 kwenye mto Dora Baltea, mkoa wa Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia. Siku za kawaida hujulikana kwa viwanda vya taipureta vya Olivetti, vilivyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018. Siku za kanivali, hata Olivetti husahaulika.

Kabla ya kuzungumzia machungwa, ijue hadithi, maana bila hiyo hutaelewa unachokitazama. Inasimuliwa kwamba katika zama za kati mji ulitawaliwa na bwana dhalimu aliyejipa haki ya kulala na kila bibi harusi usiku wa ndoa yake. Violetta, binti wa mwenye kinu cha kusaga nafaka, alipoolewa na Toniotto aliitwa ngomeni. Alikwenda na upanga ameuficha, akamkata bwana yule kichwa, akakionyesha kwa watu kutoka juu ya ngome. Raia wakainuka, wakaichoma ngome na kuibomoa. Nyuma ya masimulizi haya kuna kumbukumbu za kweli za watawala wawili waliochukiwa: Ranieri wa Biandrate, ambaye ngome yake iliangushwa mwaka 1194, na Guglielmo wa Monferrato wa karne ya 13. Hadithi imewaunganisha wakawa mtu mmoja.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Wanasubiri mavazi ya zama za kati, wanaona jenerali aliyepanda farasi kwa sare ya enzi za Napoleon, na maofisa wake nyuma yake. Sababu ni kwamba kanivali hii imejengwa kwa tabaka. Zamani kila mtaa ulikuwa na kanivali yake, na ugomvi kati ya mitaa ulikuwa jambo la kawaida. Mwaka 1808, chini ya utawala wa Wafaransa, sherehe ziliunganishwa zikawekwa chini ya raia mmoja aliyepewa dhamana ya usalama. Huyo ndiye Generale wa leo. Tangu mwaka huo pia kuna daftari rasmi la kumbukumbu za sherehe, na bado linasomwa na kuandikwa. Violetta mwenyewe, anayeitwa Mugnaia, yaani mwanamke wa kinu, aliingia kwenye gwaride mwaka 1858, wakati Italia ikitafuta uhuru na umoja wake. Machungwa nayo yana njia yake. Kwanza yalikuwa maharage, ambayo watu waliyatupa barabarani, inasemekana kwa kudharau sadaka ya maharage ya bwana aliyewatawala. Katika karne ya 19 wasichana walianza kuwarushia machungwa na peremende vijana waliopita kwenye magari ya farasi, kutoka juu ya roshani. Vijana wakajibu. Vita yenye timu na kanuni ilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, na timu ya kwanza ya waendao kwa miguu, Asso di Picche, ilianzishwa mwaka 1947.

Vita hufanyika siku tatu, kuanzia saa nane mchana hivi hadi giza linapokaribia. Timu tisa za miguu huwakilisha raia: Asso di Picche, Morte, Tuchini, Scacchi, Scorpioni d'Arduino, Pantera Nera, Diavoli, Mercenari na Credendari. Kila moja ina mahali pake pa kudumu. Askari wa dhalimu huja juu ya magari ya farasi, mengine ya farasi wawili na mengine ya wanne. Walio juu wamevaa kofia ngumu zenye kinga ya uso na nguo nene za kukinga mwili. Walio chini hawana kinga yoyote. Gari linaingia uwanjani, linasimama, mvua ya machungwa inapigwa pande zote mbili kwa dakika chache, linaondoka, lingine linaingia. Farasi haruhusiwi kulengwa, wala mtazamaji mwenye kofia nyekundu. Na mtazamaji haruhusiwi kurusha hata chungwa moja. Hilo ni la waliojiandikisha tu. Waamuzi huzunguka wakitazama uchezaji wa timu, hali ya farasi na umahiri wa waendesha magari, na zawadi hutolewa mwishoni.

Ukitaka kujua nani mzoefu, tazama miguu. Mgeni katika timu husimama mbali akirusha ovyo. Mkongwe hujisogeza hadi ubavuni mwa gari, mkono mmoja ukilinda uso, na mfuko wa machungwa ukining'inia kiunoni ili asirudi kila mara kwenye makreti. Karibu na gari unapigwa zaidi, lakini ndipo unapoweza kumlenga aliye juu pale kinga yake inapoacha nafasi. Macho yaliyovimba na pua zinazovuja damu ni jambo la kila saa, na vituo vya huduma ya kwanza havikosi wateja. Machungwa yenyewe, mamia ya tani, hutoka kusini mwa Italia, na ni yale yasiyokuwa na soko. Anayelalamika kwamba chakula kinatupwa ana hoja, ila ajue kwamba hayakuwa yakielekea mezani.

Sasa kofia. Kuanzia alasiri ya Alhamisi kabla ya Kwaresima, kila mtu mjini anatakiwa kuvaa berretto frigio, kofia nyekundu ndefu ya kitambaa yenye ncha inayoning'inia. Ni alama ya kwamba uko upande wa raia waliomkataa dhalimu. Anayeivaa halengwi kwa makusudi. Asiyeivaa amejitangaza adui, na hakuna atakayemwonea huruma. Huuzwa kila kona, kwa hiyo usiagize kutoka mbali. Lakini kofia si ngao: chungwa lililokosa shabaha halisomi rangi. Kwa hiyo simama nyuma ya nyavu zilizotandazwa kuzunguka viwanja, na usiegemee wavu. Wavu unanyumbulika, na chungwa likiupiga palipo na shavu lako utalisikia kama vile hakuna kitu kati yenu.

Mavazi: viatu vya mpira au buti zenye soli ya kushika, koti lisilopitisha maji, suruali usiyoijali. Chini panakuwa uji wa maganda, juisi na mavi ya farasi, na kuteleza ndiyo ajali ya kawaida kwa watazamaji, kuliko kupigwa. Februari hapa baridi ni kali, na ukilowa juisi saa tisa utatetemeka hadi treni ya jioni. Juisi huchoma macho. Anayevaa lenzi za macho aziache hotelini avae miwani. Kamera iwe ndani ya mfuko wa plastiki, na simu usiitoe ukiwa ukingoni mwa uwanja.

Jumapili, kabla ya vita, kuna jambo ambalo wenye tiketi wengi hulikosa kwa kuchelewa: kwenye daraja la kale, Ponte Vecchio, afisa aitwaye Podestà hutupa jiwe ndani ya Dora akitamka maneno ya Kilatini ya kumdharau markizi wa Monferrato. Fika asubuhi. Vitongoji navyo hupika maharage kwenye masufuria makubwa, wakianza usiku kwa usiku, na kugawia watu. Tahadhari kwa Waislamu na yeyote asiyekula nguruwe: maharage hayo hupikwa kwa ngozi, soseji na mafuta ya nguruwe, na hakuna sufuria ya pembeni. Kwa kitu kitamu kisicho na shaka hiyo kuna Torta 900 ya duka la Balla, keki laini ya kakao yenye krimu ya chokoleti. Bado uliza viungo kama ni muhimu kwako.

Ikiwa una usiku mmoja tu wa kulala mjini, chagua Jumamosi. Jina la Mugnaia wa mwaka huo hufichwa hadi saa tatu usiku, ndipo anapotokea kwenye roshani ya manispaa kwa gauni jeupe na kofia nyekundu. Kwa desturi huwa mwanamke aliyeolewa. Ukelele wa umati ule huwezi kuupata kwenye video. Siku zinazofuata hupita kwenye gari lake la dhahabu akirusha peremende na maua ya mimosa, na vita husimama ili apite.

Jumanne, vita ikiisha, watu hawaendi nyumbani. Katika kila parokia kati ya tano za mji husimamishwa Scarlo, mlingoti mrefu uliofungwa vichaka vikavu, na watoto waitwao Abbà, walio kwenye farasi wakiwa na panga ndogo zenye chungwa kwenye ncha, ndio wanaoongoza uchomaji. Moto ukipanda haraka hadi juu, watu hushangilia kuwa mwaka utakuwa mwema. Aliyewahi kuona Mwaka Kogwa kule Makunduchi, watu wakichapana mabua ya migomba na kibanda kikateketezwa, ataelewa mpangilio huu upesi kuliko Mtaliano wa Roma. Baada ya moto wa mwisho, maofisa hushuka farasi na kutembea polepole wakiburuta panga zao juu ya mawe, kwa filimbi na ngoma za maziko, na umati huagana kwa Kipiemonte: tuonane Alhamisi saa saba. Alhamisi ya mwaka ujao, yaani.

Kushiriki badala ya kutazama kunawezekana, hata kwa mgeni. Unajiandikisha kwenye timu mojawapo ya miguu, unalipa ada ambayo huchangia machungwa, na unanunua sare. Fanya hivyo wiki kadhaa kabla. Kwa mtu wa mara ya kwanza tungependekeza Tuchini, ambao wako peke yao ng'ambo ya mto, mtaa wa Borghetto: uwanja ni mwembamba, magari hupita karibu sana, na wenyeji huangalia nani ameanguka. Nafasi kwenye magari ya farasi sahau. Hizo ni za vikosi vilivyojuana miaka mingi.

Mwaka 2027 vita ni Jumapili tarehe 7 hadi Jumanne tarehe 9 Februari, na Mugnaia hutokea tarehe 6. Hoteli za Ivrea ni chache, kwa hiyo wengi hulala Torino. Jumapili, usiondoke saa ileile vita inapokwisha, maana treni hujaa; subiri saa moja. Gari liache nje ya mji. Anayetoka Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen, ambayo maombi yake hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari. Miezi ya mwisho wa mwaka foleni huwa ndefu, basi usingoje Januari. Na kama ratiba inaruhusu, ongeza Jumatano ya Majivu: Borghetto hugawa ugali wa mahindi ya njano kwa samaki wa merluzzo aliyepikwa na vitunguu vingi. Foleni huanza mapema kuliko chakula.