Mikoko ya fedha Mji wa Kale: nunua mizizi, maua yaache

Niseme mapema: yule sonara anayetengeneza mimea ya fedha na shaba kule Mji wa Kale, Mombasa, ni fundi kwelikweli, ila vitu anavyoviuza ghali ndivyo hafifu. Ukienda na pesa zako bila kujua, utarudi na ua la kupamba kabati, na kazi yenyewe umeiacha mezani kwake.

Duka halina ubao. Kutoka Ngome Yesu shika Ndia Kuu, kisha waulize walioketi barazani "sonara wa mikoko", watakuelekeza. Kabati la mbele ni la kawaida: vipuli, mikufu, bangili za maarusi. Sanamu za mimea ziko chumba cha nyuma. Ukiingia humo, kwanza tazama juu. Dari imelala juu ya boriti, na boriti ni mikoko. Vyumba vya nyumba za pale ni vyembamba kwa kuwa urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Majahazi yalizibeba hadi Uarabuni miaka na miaka, mpaka serikali ikapiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Nilipomwambia fundi kwamba anafua mikoko chini ya mikoko, alicheka akasema, "Mama, hizo za juu zilikatwa na babu zetu. Mimi nalipa deni."

Mie ni wa Mikindani, na kikundi chetu cha kina mama kina kitalu cha miche ya mikoko kando ya hori. Kwa hiyo mkoko siutazami majani, nautazama mizizi. Kenya tuna aina tisa na kila moja ina namna yake ya kusimama topeni. Mkoko wenyewe una miguu iliyopinda. Mchu unachomoza vijiti vyembamba, unene wa penseli, wima kutoka kwenye tope. Mlilana vijiti vyake ni vinene chini na vyembamba juu. Muia una magoti. Wachoraji wengi, hata wa mabango ya mazingira, humpa kila mmoja miguu ya mkoko na kwenda zao. Huyu fundi hakukosea hata mmoja. Amekwenda kukanyaga tope, hilo halina mjadala.

Sanamu yake ya mchu ndiyo iliyonishika. Kitako chake ni cha shaba, ukubwa wa kisahani cha chai, kimefukizwa kikawa cheusi. Juu yake vijiti vya fedha vimesimama, hakuna viwili vya urefu mmoja, vingine vimevunjika ncha, na kimoja kina konokono amekipanda. Katikati kuna tawi lenye majani matatu. Majani hayo hayakuchongwa. Fundi huokota jani lililoanguka, akalizika ndani ya plasta, akaiweka plasta tanurini usiku kucha. Jani linaungua likawa majivu, panabaki uwazi wenye sura yake, na fedha iliyoyeyuka inamiminwa humo. Kalibu huvunjwa, kwa hiyo hakuna la pili. Jani moja lilikuwa limeliwa ukingoni na mdudu kabla halijaanguka, na pale alipong'ata pamebaki vilevile. Nilipitisha ukucha nikausikia mkwaruzo. Juu amelisugua likang'aa, chini ameliacha jeupe lisilo na mng'aro, na ndivyo jani la mchu lilivyo, kijani juu na weupe chini. Shilingi 14,000. Si bei ya mchezo, lakini hakudhulumu.

Kando yake ipo nyingine ambayo wateja huipita tu. Ni mchu uleule, ila tope limepanda, na vijiti vyote vimezikwa isipokuwa ncha mbili. Tawi halina jani. Anayetoka kwetu hahitaji maelezo: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo ukafunika mizizi kule Mwache, na mikoko ikakauka imesimama. Mchu hupumua kwa vile vijiti. Ukivifukia umeukaba roho. Hii anaiuza 9,000, kwa sababu, anasema, haina fedha nyingi ndani yake. Mie ningeiweka dirishani.

Sasa maua. Kuna ua dogo la urujuani linaloota kwenye miamba ya chokaa yenye kivuli huko Kilifi, ndugu wa yale ambayo Baron Walter von Saint Paul aliyapeleka Ujerumani kutoka Usambara mwaka 1892, yakazaa maua ya vyungu yanayouzwa dunia nzima. La Kilifi limebaki mahali pachache mno. Fundi amelifanyia sanamu ya shilingi 35,000, na ni kipuli kikubwa, basi. Petali zimefuliwa zikawa nyembamba na kung'arishwa mno. Majani ya ua hilo yana manyoya, yeye ameyafanya laini. Alikiri ametumia picha, maana mmea adimu vile hakutaka kuugusa. Kwa hilo namheshimu, lakini heshima siilipii elfu thelathini na tano. Yako hivyo pia matawi ya "msitu wa kaya", ile misitu mitakatifu ya Mijikenda ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Kayani hukati kitu, kwa hiyo amebuni kichwani. Inaonekana.

Malalamiko mengine mawili. Mbegu zake za mkoko, zile ndefu zinazochipua zikiwa bado mtini, baadhi amezisimamisha kichwa chini: ncha ya mizizi iko juu, chipukizi limezama. Wageni wakija kupanda kwetu hukosea hivyo hivyo. Nilipomwonyesha alichukua koleo akageuza moja papo hapo, kisha akazitazama zilizobaki akashusha pumzi, maana zimelehemiwa. La pili, sanamu kadhaa zimekaa juu ya matumbawe. Anasema ni mawe ya ukuta wa nyumba iliyobomoka, na nilivyoyaona yana chokaa ya zamani kweli. Basi aandike kikaratasi, kwa sababu mnunuzi ataamini yamevunjwa baharini.

Hewa yetu ya chumvi haina subira na fedha. Niliyoinunua, ile ya tope, imeanza kufifia tayari. Usiifanyie haraka ya ndimu wala dawa ya meno, utaondoa ule weusi wa kitako ambao ndio tope lenyewe. Kitambaa kikavu kinatosha, na fundi husafisha bure ukimrudishia.

Ijumaa mchana hufunga kwa swala, hurudi alasiri. Anapokea M-Pesa, hapunguzi sana, na ukitaka kuagiza muia wenye magoti mpe muda: anangoja majani yaanguke yenyewe.