Climate Pledge Arena, Seattle: ukumbi mpya chini ya paa la 1962

Ukumbi wa Climate Pledge Arena mjini Seattle, Marekani, una jambo moja ambalo ukilielewa, mengine yote yanajieleza: paa ni la zamani, na karibu kila kilicho chini yake ni kipya. Ndiyo sababu unashuka kwenda kwenye kiti badala ya kupanda, ubao wa matokeo haupo katikati, muziki unasikika safi kuliko katika kumbi nyingi za ukubwa huu, na kutoka baada ya onyesho kunakula muda.

Paa hilo lilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1962. Msanifu Paul Thiry alilichora likipanda katikati na kuteremka pembeni, bila nguzo hata moja ndani. Lilipendeza, lakini baada ya miaka lilianza kuvuja. Tarehe 5 Januari 1986, mchezo wa NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, kati ya Seattle SuperSonics na Phoenix Suns ulikatishwa kwa sababu maji ya mvua yalikuwa yanadondokea uwanjani, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ligi hiyo inayochezwa ndani. Ukarabati mkubwa wa 1994 na 1995 ukaongeza kenchi nzito za chuma, ukashusha sakafu kiasi cha mita 11 chini ya barabara, na jengo likaitwa KeyArena.

Ukarabati ule ulikuwa na kasoro iliyokuja kuugharimu mji. Majukwaa ya watazamaji yalipimwa kwa mpira wa kikapu peke yake. Kiwanja cha NBA ni mita 28.7 kwa 15.2, wakati uwanja wa hoki ya barafuni wa NHL, ligi kuu ya mchezo huo, ni mita 61 kwa 26. Barafu ilipotandazwa mle ndani ilibidi isogezwe upande mmoja, hivyo ubao wa matokeo ukawa unaning'inia mahali ambapo si katikati ya mchezo, na watazamaji wa viti vingi hawakuweza kuona goli moja vizuri. Ukumbi wa namna hiyo hauwezi kupata timu ya NHL. SuperSonics walipohamia Oklahoma City mwaka 2008, wenye matamasha nao wakawa wanapeleka maonyesho yao makubwa Tacoma Dome, kusini mwa Seattle.

Sasa tuje kwenye kazi ya 2018 hadi 2021, ambayo ndiyo inayoufanya ukumbi huu ustahili kuchunguzwa na mtu yeyote anayefikiria kujenga au kukarabati ukumbi. Njia rahisi ingekuwa kubomoa kila kitu. Lakini paa na kuta za kioo za nje zilikuwa zimeorodheshwa kama urithi wa mji, kwa hiyo ilikuwa lazima zibaki. Paa lina uzito wa takriban tani 20,000. Mafundi waliliegemeza kwa nguzo 72 za muda za chuma, wakajenga upande wa kusini egemeo kubwa la ziada la kulizuia lisisogee, kisha wakaondoa majukwaa, kuta za ndani na misingi ya zamani. Ni kama kushikilia bati la nyumba kwa mirunda, ukabomoa nyumba yote, kisha ukajenga nyingine kubwa zaidi chini ya bati lilelile.

Kwa kuwa hawakuweza kwenda juu wala kulisogeza paa, walichimba. Sakafu ilishushwa mita nne na nusu hivi zaidi, na shimo likapanuliwa pande zote kupita mipaka ya jengo la awali. Udongo uliotolewa ulizidi mita za ujazo 450,000. Hatari ya kazi ya namna hii haiko kwenye uzito peke yake. Nguzo moja ya muda ikizama hata kidogo kuliko jirani yake, mzigo unahama kwenda kwa jirani, na zege la miaka sitini halipendi kupindishwa. Kwa hiyo paa hupimwa muda wote wa kuchimba, na udongo hutolewa kwa awamu huku kuta za shimo zikifungwa kwa zege na nanga za chuma kabla ya kushuka hatua nyingine. Tena Seattle ni mji wa matetemeko ya ardhi, hivyo egemeo la muda lilipaswa kuhimili mtikisiko wa pembeni pia.

Makadirio ya mwanzo yalikuwa dola milioni 600. Kazi ilipokamilika hesabu ilifika dola bilioni 1.15 hivi, fedha za wawekezaji binafsi chini ya kampuni ya Oak View Group, ilhali jengo lenyewe linabaki mali ya jiji. Anayedhani kwamba kutunza paa la zamani ni njia ya kupunguza gharama, azitazame tarakimu hizo mbili kwanza. Walichopata kwa fedha hizo ni eneo la ndani lililokaribia kuwa maradufu, huku mtu anayepita nje akiona umbo lilelile la 1962. Ukumbi ulifunguliwa Oktoba 2021. Unachukua watu 17,151 kwa hoki na takriban 18,300 kwa mpira wa kikapu. Wenyeji wake wakuu ni Seattle Kraken ya NHL, Seattle Storm ya WNBA (ligi ya kikapu ya wanawake) na, tangu msimu ulioanza 2025, Seattle Torrent ya hoki ya wanawake.

Barafu ndiyo sehemu yenye ufundi mwingi, na ndiyo inayotofautisha ukumbi wa aina hii na, kwa mfano, BK Arena ya Kigali, iliyojengwa 2019 na ambayo haina haja nayo. Chini ya sakafu kuna bamba la zege lenye mabomba yanayopitisha kimiminika kilichopozwa chini ya nyuzi sifuri. Maji hunyunyizwa juu yake kwa tabaka nyembamba, moja ikiganda ndipo inafuata nyingine. Kati ya tabaka hizo hupakwa rangi nyeupe, huchorwa mistari, kisha hufunikwa kwa tabaka zaidi hadi unene ufike sentimita 2.5 hadi 3. Barafu nene kupita hapo inakuwa laini juu, kwa sababu baridi ya mabomba inafika usoni kwa taabu.

Maji yanayotumika hapa yana sifa ya pekee: sehemu yake ni ya mvua. Mvua inayonyesha juu ya paa hukusanywa kwenye tangi la lita 57,000 hivi, huchujwa, kisha hutumika kutengeneza barafu. Kuchuja ni lazima, kwani chumvi na uchafu hufanya barafu iwe dhaifu na yenye ukungu. Mashine za kusawazisha barafu zinatumia umeme, na jengo liliundwa lijiendeshe bila gesi katika shughuli za kila siku, jikoni zikiwemo. Mwaka 2023 lilipata cheti cha kutozalisha kaboni kutoka International Living Future Institute. Jina la ukumbi linatokana na ahadi ya tabianchi ya kampuni ya Amazon, iliyonunua haki ya jina mwaka 2020. Wengi hudharau majina ya namna hiyo kwamba ni matangazo tu. Hapa angalau mabomba na mitambo vinaendana na jina, na hilo linastahili kusifiwa.

Usiku wa mpira wa kikapu ukikaribia katika msimu wa hoki, barafu haiyeyushwi. Juu yake hutandazwa mbao za kuzuia baridi, kisha vipande vya sakafu ya mbao, kila kimoja cha takriban mita 1.2 kwa 2.4, vikiwa zaidi ya 200 kwa kiwanja kizima. Vioo vya pembeni huondolewa na viti vya kukunjua husogezwa mbele. Kinachoharibu mambo ni unyevu. Hewa ya joto yenye unyevunyevu ikikutana na sakafu iliyo juu ya barafu, umande hutokea, na sakafu huteleza. Ndivyo ilivyokuwa Philadelphia tarehe 30 Novemba 2016, mchezo wa 76ers na Sacramento Kings ulipoahirishwa kwa sababu hiyo. Dawa ni mitambo ya kukausha hewa yenye nguvu, na nidhamu ya milango: mlango mkubwa wa mizigo ukiachwa wazi jioni ya mvua, mitambo inazidiwa. Seattle ina jioni nyingi za aina hiyo, ndiyo maana kupeleka eneo la kushushia mizigo chini ya ardhi kulikuwa uamuzi wa busara.

Eneo hilo la mizigo pia ndilo lililowarudisha wasanii wakubwa. Onyesho kubwa la siku hizi husafiri na malori kadhaa ya spika, taa, skrini na vyuma vya jukwaa. Malori yakishusha moja moja, mafundi wa jukwaa wanapoteza nusu ya siku, na baada ya onyesho wanapoteza usiku mzima. Hapa malori huingia kwa njia ya chini na kushusha kadhaa kwa wakati mmoja, karibu kabisa na usawa wa sakafu ya ukumbi. Mtazamaji haoni lolote kati ya hayo. Faida anaipata pale onyesho linapoanza kwa wakati na likiwa na vifaa vyake vyote.

Kwa upande wa sauti, paa lisilo la juu sana ni baraka. Ujazo wa hewa ni mdogo kuliko wa kumbi zilizojengwa kwa paa refu, hivyo mwangwi haudumu, na sehemu za juu zimewekewa vifaa vya kunyonya sauti. Besi haivumi ovyo. Lakini kiti bado kina neno. Sauti iliyo sawa zaidi iko usawa wa meza ya fundi mitambo wa sauti, ambayo kwa kawaida huwekwa sakafuni upande wa pili kutoka jukwaa la msanii. Jukwaa la chini la watazamaji lililo nyuma ya meza hiyo ndilo la kununua tiketi yake kama muziki ndio uliokupeleka. Viti vya ubavuni karibu na jukwaa la msanii vinakuweka karibu na msanii, ila spika zilizoning'inizwa zinaelekezwa mbele yako, kwa hiyo maneno ya wimbo yanapungua na besi inazidi. Nafasi za kusimama sakafuni ni za mtu mrefu au mwenye kuwahi foleni.

Kwenye hoki, tafuta jukwaa la juu ubavuni, safu za mbele. Mwinuko ni mkali, kichwa cha aliye mbele yako hakikuzuii, na unaona jinsi timu zinavyojipanga, kitu kisichoonekana kutoka safu za chini kabisa kwa sababu ya vioo na ukuta unaozunguka barafu. Safu za mwisho juu ni suala jingine. Paa linateremka kuelekea pembeni, kwa hiyo ubao mmoja wa matokeo wa katikati ungewazuia watu wengi kuona. Suluhisho lilikuwa mbao mbili za matokeo za umbo la pembetatu, moja kila upande wa nyuma ya goli. Faida ni kwamba katikati pako wazi na ukumbi unaonekana mpana, hata ukiwa kwenye sebule kubwa ya kioo ya kusini. Hasara ni kwa wanaokaa nyuma ya goli karibu na uwanja: ubao wa upande wao uko karibu kabisa juu ya vichwa, na wa pili uko mbali. Kwa wapenzi wa marudio ya magoli, viti hivyo havistahili bei yake.

Kuingia na kutoka ndiko ukumbi huu unakopoteza alama. Lango liko usawa wa barabara na sakafu iko takriban mita 16 chini, kwa hiyo maelfu ya watu wa jukwaa la chini wanapanda kwa ngazi na eskaleta kwa wakati mmoja onyesho likiisha. Wa jukwaa la juu hutoka haraka zaidi. Mwenye mzee au mtoto, au mwenye maumivu ya magoti, aangalie hilo kabla ya kununua tiketi ya chini, na aulize wahudumu lifti iliko mapema, siyo mwishoni.

Fedha taslimu hazipokelewi, beba kadi au simu. Kuna pia maduka yasiyo na keshia: unapitisha kadi mlangoni, unachukua kitu, unatoka. Kamera zinamtoza aliyechukua kitu rafuni, hivyo usimchukulie mtu usiyemjua kinywaji cha rafu ya juu ukampa mkononi, utalipa wewe.

Gari lako liache mbali. Barabara ya Mercer inajaa jioni yoyote, na usiku wa tukio inaganda. Kwa Waswahili wanaoishi Kent, SeaTac na Tukwila, njia nzuri ni treni ya Link hadi kituo cha Westlake, kisha monoreli, ambayo nayo ni ya 1962 na inafika Seattle Center, eneo ulipo ukumbi huu, kwa dakika mbili hivi. Kutoka uwanja wa ndege hadi Westlake tenga dakika 40. Mashabiki wa Kraken na Storm waangalie tiketi yao kwenye programu ya simu, kwa kuwa nauli ya usafiri wa umma ya siku ya mchezo imekuwa ikijumuishwa humo. Foleni ya monoreli huwa ndefu zaidi katika robo saa ya kwanza baada ya kipenga. Ukikawia kidogo ndani, au ukitembea kwa miguu kuelekea Westlake, umbali wa kilomita mbili hivi, hutachelewa kuliko waliokimbilia kituoni.