Duka la chai za Kichina hapa Dodoma: maua chukua, ya kitambi achana nayo

Wengi mmeniuliza kuhusu lile duka la chai za dawa za Kichina, jina silitaji na mtaona kwanini, ila wa Area D mshalijua. Nimeenda mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa saba na mnaujua mwezi wa saba wa Dodoma, upepo, vumbi na baridi kavu, afu mi nashinda Mtumba kwenye kompyuta kutwa nzima, jioni macho yanawasha kama nimepangusia mkono wa pilipili.

Dada wa pale nampa maua yake. Kanikalisha, kaniuliza nalala vipi, choo kikoje, miguu inapata baridi usiku au inawaka, mwisho akasema kaka toa ulimi. Nikacheka, chai na ulimi wapi na wapi. Kumbe ndo tiba yao ilivyo, kabla hujapewa kitu wanaangalia mwili wako umeelemea kwenye moto au kwenye baridi, na vinywaji navyo wamevigawa hivohivo, sio joto la kikombe, ni asili ya kitu chenyewe. Chai ya kijani ni ya baridi, tangawizi ni ya moto (hii hata bibi zetu wanaijua), na macho kwa hesabu zao yanafuatana na ini, kwahiyo ukilalamika macho wanakupa cha kupoza ini.

Nikapewa maua makavu ya krisanthemamu, wenyewe wanaita juhua, na goji, vile vitunda vyekundu vinafanana na zabibu kavu za hapahapa kwetu. Gramu 50 za maua elfu kumi na mbili, bei imechangamka ila unatumia maua matano sita tu kwa kikombe, unamwagia maji ya moto, unafunika dakika tano, basi. Usichemshe kama chai ya rangi! Maua yanafunguka mle ndani mpaka raha kuyaangalia, ladha laini, na zile goji unazitafuna mwisho. Hayana kafeini kwahiyo hata saa tatu usiku unakunywa unalala. Macho yamepona? Sidanganyi mtu, muwasho umepungua lakini wiki hiyohiyo nilishusha mwanga wa skrini na nikaanza kunywa maji ya kutosha, kwahiyo sifa wagawane.

Pu'er nayo nilichukua, ile chai ya Yunnan huko Uchina inayovundikwa afu wanaishindilia kama chapati nene. Maji ya kwanza unamwaga, ya pili ndo unakunywa, na majani yaleyale yanaenda hata mara tano. Inanukia udongo uliopigwa na mvua ya kwanza ya Desemba. Mi nimeipenda baada ya nyama choma, wife kasema inanuka stoo.

Sasa njoo kwenye kaunta. Kuna vipakiti vya kijani vimeandikwa kupunguza kitambi, elfu ishirini na tano vipo thelathini, na dada akaapa kabisa kilo nne mwezi mmoja. Nikanunua, kitambi ninacho sifichi. Usiku wa kwanza saa nane tumbo likanishika, nikaenda, nikarudi, nikaenda tena, asubuhi kwenye daladala ya Mtumba nilikuwa nasali kimoyomoyo. Siku ya tatu ndo akili ikanijia nikasoma maandishi madogo nyuma ya boksi, nikakuta senna. Jamani senna si sanamaki! Ileile wazee wanatupa kusafisha tumbo, sokoni Majengo unaipata kwa hela ya karanga. Mzani ulishuka kilo moja na nusu, maji matupu, mafuta yapo palepale. Na sanamaki sio ya kunywa kila siku, tumbo linazoea mpaka linakataa kufanya kazi bila hiyo. Nilivyorudi kumwambia akanijibu ndo sumu inatoka. Sumu gani bana, ulikuwa ubwabwa na maharage.

Kingine, kuna chai ya qinghao dada anasema inatibu malaria maana ndo inayotoa mseto. Nusu yake kweli, huo ndo mmea uliomfikisha Tu Youyou, mwanasayansi wa Kichina, kwenye Nobel mwaka 2015 na dawa ya mseto chanzo chake ni humo. Lakini dozi ya kidonge imepimwa, ya kikombe hakuna anayeijua, na WHO wenyewe hawashauri kutibu malaria kwa chai yake. Homa ikipanda nenda kapime.

Na ukiwa unampelekea mzazi uliza kwanza. Mama yangu Kondoa anatumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, nilitaka kumtumia goji, mfamasia akaniambia usithubutu, zinaweza kuizidisha nguvu hiyo dawa akaanza kutoka damu hovyo. Dukani hawakuniuliza kabisa kama kuna dawa ya hospitali mtu anatumia. Ulimi wameangalia, hilo hapana.

Wanafungua saa tatu, jumapili mpaka saa saba, lipa kwa simu inakubali, risiti mpaka uidai. Jumamosi nilipita kuongeza maua, vile vipakiti bado viko kaunta na dada kaniona tu kaanza kucheka, "kaka, kitambi hujakimaliza?" Nikachukua juhua zangu nikaondoka.