Kuweka lori lako chini ya kampuni ya watu Marekani: uzoefu wangu na ile asilimia 75 yao

Ndugu zangu mnaofikiria kununua kichwa na kukiweka chini ya kampuni huku Marekani, someni hii kabla hamjasaini chochote. Nina hasira na sitaificha. Jina la kampuni silitaji kwa sababu bado wameshika hela yangu.

Mpango wenyewe wengi mnaujua. Lori ni lako, dizeli yako, tairi zako, injini ikifa ni wewe na fundi wako, ila unatembea kwa namba zao za usajili na bima yao, wao wanatafuta mizigo na wanakupa asilimia. Mimi nilisaini asilimia 75 ya bei ya mzigo. Aliyenisajili ni mtu wa nyumbani kabisa, Kiswahili kimenyooka, kaka huku kaka kule, akaniambia wengine anawapa 65 ila mimi ananipa 75 kwa vile tumetoka sehemu moja. Na niseme haki, mwanzoni sikuwa na tatizo nao. Mizigo ilikuwepo, punguzo la dizeli kwenye kadi yao ni la kweli, Ijumaa hela inaingia. Ungeniuliza kipindi kile ningekwambia njoo hata kesho.

Sasa asilimia 75 ya nini? Hilo swali sikuwa na haja ya kuuliza mpaka ule mzigo wa Laredo.

Dispacha, yule wa kampuni anayetugawia mizigo, akanipigia, kuna mzigo kutoka Laredo kwenda Joliet, pale karibu na Chicago, maili kama 1,400, unalipa dola 2,800. Nikapiga hesabu palepale. Changu ni 2,100. Kichwa changu kinakwenda maili 7 hivi kwa galoni, kwahiyo galoni 200, kwa bei ya wakati ule ni kama dola 760 zimeshaondoka. Bado makato ya wiki: kodi ya tela lao, bima ya mzigo, bima ya lori, bobteli yaani bima ya kutembea bila tela, kile kitableti cha kurekodi masaa, IFTA yaani kodi ya mafuta ya majimbo, na eskro, ile akiba yako wanayoishika wao kama dhamana. Na hayo makato hayaangalii kama umetembea au hujatembea, ukikaa gereji wiki nzima karatasi ya malipo inakuja na hasi, yaani unadaiwa na watu unaowafanyia kazi. Alafu bado serikali inakusubiri, ile kodi ya waliojiajiri asilimia 15.3, na dola 550 za kila mwaka za fomu 2290, kodi ya barabara kwa lori zito. Lakini nikasema sawa, kitabaki kitu, naenda.

Joliet ghalani wakaniweka masaa kama sita. Yale masaa 14 ya kazi ambayo sheria inaturuhusu kwa siku yakaniishia nikiwa bado mlangoni kwao, kwahiyo hata mzigo wa kurudi nikaukosa. Broka, yaani dalali aliyeipa kampuni ule mzigo, akapiga simu mwenyewe, anataka nigongewe muhuri wa saa niliyoingia na saa niliyotoka ili malipo ya kusubirishwa yaandikwe, akanitumia karatasi kwenye imeili. Nikaifungua. Ilikuwa karatasi nzima ya bei, ile broka anayoilipa kampuni.

Dola 3,600. Na chini yake, kusubirishwa ni dola 50 kwa saa baada ya masaa mawili ya kwanza.

Jamani nililisoma lile karatasi mpaka macho yakauma. Asilimia 75 ya 3,600 ni 2,700, sio 2,100. Dola 600 zangu kwenye mzigo mmoja tu! Wao haki yao ilikuwa 900 wakajichukulia 1,500, na wiki ilipokuja karatasi ya malipo, zile dola 200 za kusubiri hazikuwepo kabisa, kama vile sikukaa pale. Na mizigo yote ya nyuma je? Hiyo ndiyo inaninyima usingizi mpaka leo, kwa sababu ile ya nyuma sina karatasi zake na wao wanajua sina.

Sikupiga simu. Nilienda ofisini mwenyewe na nimeichapisha ile karatasi. Nikamkuta yuleyule kaka. Nikamsalimia vizuri, nikaweka karatasi mezani, nikamuuliza kwa upole kabisa, kaka hii tofauti imeenda wapi. Akaiangalia, akaisukuma pembeni, akaanza kunijibu kwa Kiingereza. Mtu aliyenishawishi mwaka mzima kwa Kiswahili, aliyenipigia simu mpaka sikukuu ya Idi! Kwa Kiingereza, tena sauti juu ili wale wa meza nyingine wasikie, eti hizo ni karatasi za ndani za kampuni, kazi yangu mimi ni kuendesha, na kama sijaridhika yadi imejaa watu wanaotaka mizigo. Mimi nimemzidi umri yule. Hakuninyanyulia hata macho, alikuwa anaangalia simu yake.

Hela inauma lakini ile inauma zaidi.

Na uongo mtupu kwamba ni karatasi za ndani. Sheria ya shirikisho ipo, sehemu ya 376 ya zile kanuni namba 49, inasema wazi kwamba mwenye lori anayelipwa kwa asilimia lazima apewe nakala ya bili ya mzigo kabla ya malipo au wakati wa malipo. Majina ya wateja wanaruhusiwa kuyafuta. Bei hapana. Tena inasema ukishawasilisha karatasi za mzigo ulipwe ndani ya siku 15, kila kato lielezwe limepigwaje hesabu, wasikulazimishe kununua vitu kwao ndio upate mkataba, na ukiondoka eskro irudi ndani ya siku 45, tena na riba. Kumficha mtu bei halafu unamwambia hii ndiyo asilimia yako ni sawa na muuza mchele anayekupimia nyuma ya pazia.

Sasa msije mkasema nimewakataza kazi, sijakataza. Rafiki yangu yuko chini ya kampuni nyingine, yeye anachukua asilimia ndogo kuliko niliyoandikiwa mimi, lakini kila mzigo karatasi ya broka inakuja kwenye simu yake kabla hajawasha lori, akiona bei mbaya anakataa na hakuna anayemnunia. Anapata faida, nimeona vitabu vyake. Na kusema ukimbilie othoriti yako mwenyewe, yaani kibali cha kubeba mizigo kwa jina lako, nako si rahisi, maombi ni dola 300 tu lakini bima ndiyo inakumaliza, sheria inataka bima inayoweza kufidia hasara isiyopungua dola 750,000, mabroka wengi wanataka milioni, na mwaka wa kwanza kampuni za bima zinakutoza bei ya kutisha. Kwahiyo kukaa chini ya kampuni kuna maana yake. Hata hawa wangu, kwa mizigo na punguzo la dizeli, nilipoanza kuandika nilikuwa nafikiria niwape nyota tatu.

Hapana. Nikikumbuka ile karatasi inavyosukumwa mezani, hapana, nyota moja, na hiyo moja ni ya yule mama wa tairi pale yadi ambaye hana kosa lolote.

Niliondoka. Nikarudisha tela limefagiliwa, nimelipiga picha kila upande. Siku 45 zikapita, eskro kimya. Nikaandika barua ya rejista nimetaja kanuni kwa namba zake, ndipo wakatuma nusu, na ile nusu nyingine wameandika "usafi na matengenezo ya tela" bila mchanganuo wowote. Usafi gani wakati picha ninazo? Nimejiunga na OOIDA, kile chama cha wenye malori cha kule Grain Valley, Missouri, kinachopigania watu kama sisi tangu 1973, na nimeshaelezwa kwamba sheria inaniruhusu kuwashtaki mwenyewe mahakamani. Barua ya pili nimeituma juzi, nimedai eskro yote na bili ya kila mzigo niliowahi kuwabebea tangu siku ya kwanza. Nyie mlio bado pale yadi, na najua mpo na mnasoma hii, dai bili ya mzigo wako wa wiki hii kwa maandishi, usidai kwa simu, na ukiipata linganisha na karatasi yako ya malipo halafu njoo uniambie umekuta nini.