Miezi 18 na mepo ya Kijapani: mti safi, kibandiko kilinidanganya

Niko Reading, Uingereza. Aprili mwaka jana niliagiza mtandaoni bonsai (mti unaokuzwa chunguni ubaki mdogo) ya mepo ya Kijapani, aina ya Deshojo, pauni 70 pamoja na usafiri. Ulifika umefungwa vizuri sana. Urefu kama futi moja, majani mekundu ya kukolea, kila jani na vidole vyake vitano vilivyochongoka. Wageni walikuwa wanauliza kama ni la plastiki. Kibandiko kilisema unafaa kukaa ndani ya nyumba, nami nikauweka dirishani sebuleni.

Hapo ndipo nilipoingia mkenge. Mepo ni mti wa nje. Unataka upepo na umande, na majira ya baridi lazima ulale. Kule ndani machipukizi yalirefuka na kulegea yakitafuta mwanga, na kufika Juni ncha za majani zilikuwa kama karatasi iliyobabuka. Niliwaandikia wauzaji, wakanijibu nizidishe maji. Nikazidisha, maji yakateleza juu na kumwagika pembeni. Nilipochokonoa kwa kijiko, kumbe ile changarawe nzuri ya juu imegandishwa kwa gundi! Jamani.

Nikautoa nje, nikauweka kwenye jua la mchana, ukababuka upya. Hilo kosa ni langu. Sasa unapata jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa sita. Maji ya bomba ya huku yana chokaa, ukibisha chungulia ndani ya birika langu, kwa hiyo nakinga ya mvua. Kiangazi namwagilia kila siku, kukiwa na joto kali mara mbili, maana chungu chenyewe hakizidi bakuli la uji.

Desemba majani yalikuwa yamepukutika yote, vikabaki vijiti, nikajua pauni zangu nimeshazika. Niliusogeza tu karibu na ukuta, na usiku wa barafu kali nikakizungushia chungu gunia. Matawi yanastahimili, mizizi ya chunguni ndiyo inayokufa. Machi vitumba vikachomoza, vyekundu, kama vichwa vya njiti za kiberiti. Nilisimama pale na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa.

Huo ndio wakati wa kubadili udongo. Chini kulikuwa na mfinyanzi mtupu, na mizizi imejiviringisha kuzunguka chungu chote. Nikapunguza kama theluthi, nikaupanda kwenye akadama, udongo wa punje kutoka Japani. Bei yake inauma, ila maji sasa yanapita.

Kuhusu waya wa kukunjia matawi: niliufunga Mei, nikasafiri, niliporudi baada ya wiki sita ulikuwa umezama kwenye gome. Mepo hunenepa haraka kipindi hicho. Kovu lipo hadi leo.

Mti nyota tano. Wauzaji mbili, na hizo ni za ufungaji.

Mama mdogo wa Morogoro kaona picha, anataka nimpelekee wake. Nikamwambia huko hakuna baridi ya kuulaza, ajaribu mkwaju, unavumilia chungu na mkasi. "Mkwaju wa nini, na uko nyuma ya nyumba?" akanijibu. Juzi katuma picha: mbegu tatu za mkwaju zimeota kwenye kopo la Blue Band.