VW California pwani ya Ureno: leo tuongelee hili paa

Jamani karibuni, karibuni sana. Mume wangu, kabla hujanionesha mimi, geuza kamera pale langoni. Mnakiona hicho chuma kilichopita juu ya njia ya kuingilia? Kimewekwa makusudi. Hapa Algarve, kusini mwa Ureno, maegesho mengi ya karibu na fukwe yana chuma cha namna hiyo, kwenye mita 2 au kuzidi kidogo, ili zile nyumba za magurudumu zisiingie. Haya, mtazameni huyo bwana mwenye vani kubwa nyeupe. Amefika, amesimama, ameshuka kupima kwa macho, sasa anarudi kinyumenyume na foleni iko nyuma yake. Pole yake. Sisi tumeshaegesha. Gari letu, paa likiwa limeshushwa, lina kimo cha mita 1.99.

Hili ni Volkswagen California Ocean, vani ya kulala yenye paa la kuinuka na kuta za turubai, toleo la T6.1, lile lililotoka 2019. Injini siigusi leo, ni dizeli, gia ni otomatiki, inakwenda vizuri, na video za nguvu za farasi mmeshatazama za kutosha. Jiko la gesi la plate mbili, friji ya lita 42, tangi la maji safi la lita 30, kitanda chini na kitanda juu. Viti vya mbele vinageuka vikatazama nyuma. Meza imefichwa ndani ya mlango wa pembeni, na viti viwili vya kukunja vimo ndani ya mlango wa buti. Hayo mengine mtayasoma kwenye kijitabu chake.

Mimi leo nataka paa. Paa tu.

Sogea mume wangu, ingia ndani na kamera. Hatua ya kwanza ni breki ya mkono. Ya pili watu wengi wanairuka, nawaomba msiiruke: fungua mlango au kioo. Paa likipanda, nafasi ya ndani inaongezeka, kwa hiyo lazima hewa ipate pa kuingilia. Ukijifungia kila upande, turubai linavutwa ndani na mashine inasukuma kwa shida. Ya tatu, hapa juu karibu na kioo cha kutazamia nyuma kuna kidude chenye skrini ndogo. Nachagua paa, nashikilia. Nyamazeni kidogo, sikilizeni.

Mmesikia? Huo mngurumo mdogo ni pampu ya haidroliki. Sisukumi, sivuti, sitoi jasho. Linapanda lenyewe, upande wa mbele ndio unaoinuka, kule nyuma limeshikwa na bawaba. Hilo la bawaba liwekeni akilini, tutalihitaji tukifika kwenye upepo. Na tayari. Mume wangu ni mrefu, mnamjua, hebu simama. Amesimama wima! Anaweza kuvaa suruali akiwa amesimama. Wanaojua maisha ya kwenye vani wanajua kuvaa suruali umejikunja kila asubuhi kunavyochosha.

Sasa nasukuma godoro la juu. Hebu sogeza kamera hapa chini ya godoro. Hivi vidude vya plastiki vya mviringo, vimepangwa safu kwa safu, ni springi. Ukibonyeza kimoja kinashuka, jirani yake habonyei. Ndiyo maana mwenzako akijigeuza usiku wewe hurushwi. Kitanda kina urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.2. Hapo kwenye upana nasema ukweli, kwa watu wawili ni kubanana, lakini kubanana kwa wapendanao. Kichwa unaweka upande wa mbele, ambako paa limepanda. Na hii zipu ya turubai, nashusha hivi, ndani yake kuna chandarua. Mnaona? Hewa inaingia, mbu hawaingii. Ukiamka unasikia bahari kabla hujaiona. Taa ni hizi ndogo, unapunguza mwanga utakavyo.

Meza na viti vya nje sivitoi hapa, msinisubiri. Sheria ya Ureno ya barabarani inakataza gari la kulala kuchukua nafasi zaidi ya mwili wake nje ya sehemu zilizoruhusiwa. Ukitandaza meza na kukunjua turubai la kivuli, umeshapiga kambi, na askari wa GNR, polisi wa Ureno, wanapita kwenye hizi fukwe.

Na kwa kuwa nimetaja sheria, kuna watu wanatuuliza kwenye komenti, "mnalala hapo hapo ufukweni?" Hapana, wapendwa. Januari 2021 Ureno ilianza kukataza kulala ndani ya magari haya nje ya maeneo maalumu, nchi nzima. Watu walilalamika sana, na Agosti mwaka huohuo sheria ikalegezwa. Sasa unaruhusiwa hadi saa 48 ndani ya manispaa moja, ila si kwenye hifadhi, si maeneo ya Natura 2000, yale ya Ulaya ya kulinda wanyama na mimea, wala si ukanda wa pwani unaolindwa. Na pwani ya magharibi karibu yote tuliyopita ni hifadhi. Kuanzia karibu na Porto Covo mpaka Burgau, huku Algarve, ni Hifadhi ya Asili ya Alentejo Kusini Magharibi na Costa Vicentina. Kwa hiyo mchana uko ufukweni, jioni unakwenda kambi rasmi yenye bafu, umeme na sehemu ya kumwaga maji machafu. Mimi naliunga mkono hilo kabisa. Tumepita Cabo Sardão, korongo weupe wamejenga viota juu ya miamba inayopigwa na mawimbi, ndege wale ambao kwingine mnawaona kwenye minara ya makanisa na nguzo za umeme. Mtu akitupa takataka za kambi juu ya mwamba ule mimi nitalia.

Aa, halafu Sines! Mji wa bandari, ndiko alikozaliwa Vasco da Gama. Yule aliyefika Malindi 1498. Sanamu yake iko pale kwenye ngome inayotazama bahari. Nilisimama pale nikiwaza njia ile yote, nikamwambia mume wangu hii inastahili video yake yenyewe, na tutaitengeneza.

Turudi kwenye paa, maana sasa nakuja kwenye hasira zangu.

Tulishuka kwa barabara ya N120, Odemira, Odeceixe, Aljezur, halafu tukashika N268 kwenda Carrapateira. Pazuri mno. Mchanga mpana, miamba myeusi, watu wa kuteleza juu ya mawimbi wamejaa Praia do Amado. Lakini kiangazi upande huu kuna upepo wa kaskazini, wenyeji wanauita nortada, na kadiri mchana unavyosonga ndivyo unavyozidi nguvu. Ndio huohuo unaosukuma maji ya juu mbali na pwani, yakapanda maji baridi kutoka chini, ndiyo maana jua linawaka na bado ukiingiza mguu baharini unaurudisha. Sasa fikiria upepo huo na paa la turubai. Usiku turubai lilikuwa linapiga, pa, pa, pa, bila kupumzika. Kitanda cha juu kinatikisika. Nililichukia paa hili usiku ule, kwa moyo wangu wote. Niliwaza wale wenye vani ndefu za chuma, wamelala usingizi mnono.

Jirani yetu kambini, mzee mmoja Mjerumani mwenye California ya zamani, asubuhi alikuja akatuonesha kitu ambacho kampuni iliyotukodisha haikutuambia kabisa. Mume wangu, chora hapa kwenye mchanga. Hili ni gari, huku mbele paa limepanda, huku nyuma kwenye bawaba liko chini. Ukielekeza mbele kwenye upepo, umesimamisha ukuta wa kitambaa mbele ya upepo, kama tanga la jahazi. Ukigeuza gari, ukaupa upepo mgongo, upepo unapanda juu ya paa na kupita. Kile kitambaa kikubwa cha mbele kinakuwa upande uliokingwa. Tuligeuza gari, na kelele zilipungua kwa kiasi ambacho hata sikutegemea. Hazikuisha, nisiwadanganye. Upepo ukizidi sana, shusha paa, kunja kiti cha nyuma kiwe kitanda, lala chini. Kitanda cha chini ni chembamba zaidi lakini hakipigi kelele.

Na kushusha nako kuna namna yake. Mlango uwe wazi, safari hii ili hewa itoke. Ukishusha milango ikiwa imefungwa, turubai linajaa hewa, linatoka nje, linabanwa kwenye ukingo wa paa. Tazameni nikishusha nusu, nasimama, nazunguka gari nikikagua kila upande kama kitambaa kimejikunja ndani, halafu namalizia. Dakika chache tu. Na kama limelowa, umande au mvua, ukifika unakokwenda lifungue tena likauke. La kwetu tulilipokea lina harufu ya ukungu pembeni, ina maana aliyetangulia alilifunga bichi na hao wakodishaji hawakulikagua. Kwa fedha tuliyolipa, hilo liliniudhi. Siku ya kupokea gari, lipandisheni paa mbele yao, nuseni, pigeni picha.

Sasa washindani. Mercedes Marco Polo nayo ni ya paa la kuinuka na inapita chini ya vyuma hivi, ndani ni nadhifu, imekaa kifahari. Zile kubwa zilizojengwa juu ya Fiat Ducato zina choo na bafu ndani, unasimama wima saa zote bila kuinua kitu, ila zinazidi mita 2.5, kwa hiyo yaliyompata yule bwana mweupe wa langoni yatakupata na wewe. Namaanisha bwana wa vani nyeupe, mume wangu acha kucheka. Na California mpya, ile ya 2024? Ina milango ya kuteleza pande zote mbili, hilo nalipenda. Lakini jiko limebaki plate moja na friji imekuwa droo. Mimi napika wali huku mchuzi uko pembeni. Plate moja siitaki.

Choo, ndiyo, naona mnataka kuuliza. Hili halina choo cha kudumu. Tunatumia vya kambini na vya mikahawa. Kama hilo ni tatizo kwako, chukua Ducato na kubali kuegesha mbali, usilazimishe.

Bei sasa. Kukodi gari kama hili kiangazi hapa ni zaidi ya euro 100 kwa siku, na Julai na Agosti inapaa. Hapo hujaweka dizeli, kambi na dhamana inayozuiwa kwenye kadi. Afadhali kidogo, tangu Januari 2025 barabara ya A22 inayokatiza Algarve haina tena ushuru. Toleo hili lilipokuwa linauzwa jipya lilizidi euro 60,000, na mimi kwa fedha hiyo nisingenunua, nasema wazi. Kukodi Mei au Septemba, bei ikiwa imeshuka na fukwe zimepumua, hapo ningerudi kesho. Nikiwa peke yangu na mume wangu, kwa pwani hii, ningechukua tena gari la mita 1.99 na paa lake, upepo wake na yote. Ningekuwa na watoto wawili jibu langu lingekuwa jingine, kwa sababu wakiamka hao wote asubuhi, paa liwe juu liwe chini, pa kukanyaga hakuna.

Habari za chaneli kwa haraka. Sauti ya video ya Cabo de São Vicente mliilalamikia, na mlikuwa na haki, kule juu ya miamba ya mita 75 upepo ulikuwa unakula maneno. Tumeshanunua maiki yenye manyoya, ndiyo hii, niambieni kama mnanisikia vizuri leo. Wanachama wapya nawashukuru, majina yenu yatapita mwishoni. Ambaye hajajiunga, bonyeza, na kengele pia.

Kesho tunaelekea mashariki, Tavira, kwenye Ria Formosa, maji ya bahari yaliyokingwa na visiwa vya mchanga, ambako ufukwe uko kisiwani na gari unaliacha bara ukapanda boti. Huko nitapima friji hii ya lita 42, maana nina samaki wa kuweka na jua la huko halina mchezo. Mwenye swali kuhusu friji aliandike leo, nitalijibu nikiwa nimeifungua.